Herufi Kumi na Nne

Walinipongeza ngozi iliporudi.
Mama Cibalonza, muuza makaa, alikuja na kuku,
akamgeuza mtoto huku na huku penye mwanga wa mlango:
hakuna hata baka, Mungu ni fundi.
Mimi pia ni fundi. Nikanyamaza.
Kila mshonaji anajua kugeuza nguo
atazame upande usioonekana.

Vidonge nilivinunua mimi,
kule chini Kadutu, kwa kijana mwenye koti jeupe.
Ansima alikuwa na homa, mkojo unamuuma.
Franka elfu mbili. Akavihesabu kwa ncha ya kisu,
akavifunga katika karatasi ya daftari
yenye hesabu za mtoto wa watu:
saba mara nane, jibu limekosewa, wino mwekundu.

Siku ya tisa, macho.
Siku ya kumi, midomo.
Siku ya kumi na moja nilimshika mkono nimwinue
na ngozi ikabaki vidoleni mwangu,
nyepesi kama bitana iliyofumuka.
Sikupiga yowe. Nilijaribu kuirudisha.
Ndivyo mikono yangu ilivyozoea:
kilichofumuka, rudisha.

Hospitalini bandeji zilikuwa zimekwisha.
Muuguzi Nabintu akamtandikia majani ya mgomba
yaliyopitishwa kwenye mvuke,
asigande kwenye shuka.
Chumba kizima kikanukia jikoni kwa mama yangu
na nikaichukia harufu ile, ambayo haikunikosea kitu.

Usiku wa nne akakohoa,
akatema kwenye kikombe kitu cheupe, kirefu,
chenye matawi kama mzizi wa mche.
Daktari Byamungu alikiinua kwenye taa, akakitazama sana.
Baba Ansima, akasema,
ngozi haiishii mdomoni.
Inaingia. Inashuka kooni, inagawanyika njia na vijia
hadi pale pumzi inapokutana na damu.
Na huko pia imechubuka.

Ndipo umeme ukakatika.
Masine ya oksijeni ikalia mara moja, ikazima.
Mtu akakimbia na kidumu cha petroli, nikasikia ndala zake
zikipiga korido yote, zikipungua, zikiisha.
Mimi nilihesabu. Sijui nilihesabu nini.
Nilifika mia mbili na kumi na sita.

Hakufa. Hilo niliseme wazi,
maana wanaonisikiliza hufika hapa wakishika vinywa.
Hakufa. Kucha zimeota, nyusi zimeota,
amerudi darasa la pili.

Lakini Bukavu ni mji wa kupanda.
Shule iko juu, soko liko juu, kanisa liko juu,
ziwa peke yake liko chini, nalo haliendi popote.
Ngazi ya kumi na mbili, Ansima anasimama,
anajifanya anafunga kamba ya kiatu.
*Niko napumuzika tu, Baba.*
Kifuani filimbi nyembamba
ambayo hakuna anayeipuliza.

Vijia vidogo, anasema daktari, vimefungwa na makovu.
Mwili ulipona kwa haraka
ukashona mahali pasipotakiwa mshono.
Namuuliza: hakuna wa kufumua?
Anazungusha kalamu yake. Anaandika jina la dawa
kwenye kikaratasi: asipewe tena, maisha yake yote,
na mtu yeyote.

Karatasi hulowa. Karatasi hufunga vidonge vya watu.
Jana usiku nilikalia cherehani, kibatari ubavuni,
nikaigeuza sare yake,
na ndani ya kola, kwa uzi mwekundu,
nikatarizi herufi kumi na nne.

Asubuhi aliiona kabla hajaivaa.
Hajazoea maneno marefu. Akaweka kidole.
Kotrimo, akasoma,
akasimama kama anavyosimama kwenye ngazi,
mabega yakipanda, yakishuka.
Sikumsaidia. Nilingoja,
kidole chake kikiwa pale pale kwenye uzi.

Ksazoli, akasema.